Wewe ni Nani Wake?

Hotuba hii niliitoa Tanga mjini, tarehe 17 Mei, mbele ya wazazi, wasaidizi wa kisheria na watu wanaojitolea kwenye mitaa yao. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa. Majina ya watu, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu, nimekiacha nje.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana wangu, hamjambo?

Karibuni, na ahsanteni kwa kufika. Wapo waliotoka Muheza alfajiri, wapo waliotoka Pongwe kwa daladala, na wapo waliopiga baiskeli kutoka Ngamiani na jua hili la Tanga. Najua wengi wenu mlipotoka nyumbani mliaga mnakwenda kwingine. Mmoja kaaga anakwenda kwenye kikoba, mwingine kaaga anakwenda kumwona mgonjwa. Msione haya. Katika mji ambao mtu anaweza kutolewa kwenye chumba cha kupanga kwa sababu ya aliyeonekana ameketi naye, kuficha njia ni kujihifadhi.

Tarehe hii ina maana yake. Tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa. Watu walilala wakiitwa wagonjwa, wakaamka wazima, na hawakumeza hata kidonge kimoja. Iliwezekanaje? Kwa sababu hawakuwa wagonjwa tangu mwanzo.

Lakini leo nimekuja na swali moja tu, na swali lenyewe mnalijua, mmeulizwa mara nyingi: "Wewe ni nani wake?"

Dirisha la hospitali linauliza. Kaunta ya polisi inauliza. Mwenye nyumba anauliza. Msibani, wanaume wanapotazamana nani aingie kuosha maiti, wanauliza. Kwa mtu mwenye watu wake, swali hili ni jepesi. Mimi kaka yake, mimi mama yake, mimi mkewe. Lakini kijana aliyefukuzwa kwao kwa sababu anapenda wanaume, nani anamjibia? Binti aliyefungiwa mlango kwa sababu anapenda wasichana, nani anamjibia? Yule aliyezaliwa akaitwa mwanamume, na nafsi yake inajijua ni mwanamke, nani anasimama dirishani aseme: huyu ni wangu?

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu. Kazi yake ilikuwa kupamba. Maharusi wengi wa mji huu wamekaa chini ya mikono yake. Alijua kuchora piko, alijua kupanga chumba cha bi harusi mpaka mito inanukia asumini. Shughuli gani ilifanyika asiitwe? Akina mama walimwita shoga, na vinywani mwao neno lile lilikuwa tamu, maana kwetu wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa chanda na pete. Neno hilohilo likitoka kijiweni lilikuwa jiwe. Mdogo wangu aliishi kati ya neno moja lenye nyuso mbili, na kila siku alipotoka nje hakujua leo litamgeukia uso upi.

Mwaka 2008 alianza kukohoa. Wiki ya kwanza tulisema mafua. Wiki ya nne akaenda kwenye kituo cha afya, nami nikabaki dukani nauza, kwa sababu siku ile mzigo ulikuwa unaingia. Alinisimulia baadaye. Mhudumu alimtazama kucha, akamtazama namna alivyokaa, akatoka. Akarudi na wenzake watatu. Wakasimama mlangoni, mmoja akamuuliza, "Wewe ni mke wa nani?" Wakacheka. Mdogo wangu akaichukua kadi yake mezani, akaondoka.

Hakurudi tena. Kila Jumatatu nilimwambia twende, na kila Jumatatu aliniambia, "Dada, wiki ijayo." Alifariki Ramadhani, akiwa na miaka 29.

Ndugu zangu, kifua kikuu kinatibika. Dawa ni za miezi sita, na ni bure. Zilikuwepo, mwendo wa baiskeli tu kutoka nyumbani kwetu. Mwaka huohuo wa 2008 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, inayokataza unyanyapaa na inayomtaka mtoa huduma atunze siri ya mtu. Dawa ilikuwepo. Sheria ilikuwepo. Ambaye hakuwepo ni mimi, pale kwenye benchi, wa kusema: mimi ni dada yake, na sisi hatuondoki hapa mpaka apimwe makohozi.

Ndiyo maana nawaambia kwamba kazi yetu ya kwanza ni kusindikiza. Watu wa pwani tunajua kusindikiza. Mgeni akiaga, humwachi kizingitini. Unavaa kanga yako, unatoka naye mpaka njia panda. Basi tusindikize. Tusindikize hospitalini, tusindikize polisi, tusindikize kwao, tusindikize kaburini.

Wengi mnakumbuka miaka ya 2016 na 2017. Serikali ilizuia vilainishi vinavyotumika pamoja na kondomu, kisha ikasimamisha huduma za VVU za makundi maalumu, yaani watu walio kwenye hatari zaidi, wakiwemo wanaume wanaopenda wanaume, kwenye vituo 40 nchini. Watu waliokuwa wamezoea kuchukua dozi mahali wanapojulikana kwa jina wakajikuta hawana pa kwenda. Na wakati huohuo wizara yenyewe ilikuwa na mwongozo wa huduma za VVU kwa makundi maalumu, ulioandikwa 2014 na kutolewa upya 2017. Sikieni vizuri: mwongozo wa serikali, si wa watu wa nje. Ukimpeleka mtu kliniki, ujue kwamba unakwenda kudai kitu ambacho nchi yako imeshakiandika. Ingia kwa adabu. Salimia. Lakini usiingie kama unayeomba sadaka.

Kuna kijana mmoja tunayemsindikiza. Anaishi chumba kimoja na watu wengine wawili ambao hawajui hali yake. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani na pakiti ya pamba. Alikuwa anakata vipande vidogo, anavisokomeza ndani ya chupa ya dawa, anaitikisa karibu na sikio, anaongeza kingine. Nikamuuliza unafanya nini? Akasema, "Mama, vidonge vinalia. Nikipita navyo sebuleni vinasikika." Aliitikisa tena, ikanyamaza, akatabasamu. Nilitoka nje nikalia uani. Miaka zaidi ya kumi imepita tangu mdogo wangu aondoke, na bado mtoto wa watu anakata pamba ili uhai wake usisikike.

Leo kijana yule haendi peke yake. Tarehe ya kliniki ikifika, mmoja wetu anampitia na baiskeli, wanakwenda kama watu wanaokwenda sokoni. Hajakosa dozi tangu tuanze.

Sasa tuje kwenye sheria, maana najua ndiyo inayowanyima wengi usingizi. Sitawaficha. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinazungumzia kujamiiana kinyume na maumbile. Adhabu yake inafika kifungo cha maisha, na tangu mabadiliko ya mwaka 1998 haiwezi kupungua miaka 30. Hivyo ndivyo ilivyo, na asiyelijua hilo asijitolee bado, akae kwanza na wasaidizi wa kisheria. Lakini somo lina upande wa pili. Kinachoadhibiwa pale ni tendo. Hakuna kifungu kinachosema mtu kuwa alivyo ni kosa. Hakuna kifungu kinachokukataza kumpeleka jirani yako hospitali, kumpelekea chai mahabusu, kumlaza sebuleni kwako usiku ambao hana pa kulala.

Na tunaambiwa kila siku kwamba ushoga umeletwa na Wazungu. Tulitazame neno hilo. Mwaka 1899 mtaalamu mmoja wa Vienna, Haberlandt, aliandika habari za Unguja. Maneno aliyoyakuta yalikuwa ya nani? Kusagana. Mke-si-mume. Ni Kiswahili hicho, ndugu zangu! Watu walikuwepo, na lugha yetu ilikuwa imeshawapa majina. Kilichokuja na meli ni sheria. Waingereza walituletea maneno ya "kinyume na maumbile", yaleyale waliyoyaandika kwenye kifungu cha 377 cha India mwaka 1860. Kwao walianza kuyalegeza mwaka 1967. India, Mahakama ya Juu ikasema tarehe 6 Septemba 2018 kwamba kifungu kile hakiwezi tena kuwagusa watu wazima walioridhiana. Wajerumani, waliokuwa hapa Tanga kabla ya Waingereza, walikuwa na kifungu chao namba 175 huko kwao. Walikifuta 1994, na mwaka 2017 wakafuta hukumu za waliofungwa kwa kifungu hicho baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtu ameacha mzigo wake kwako, akaenda kwake akajitua, na wewe bado umeubeba kichwani ukisema ni urithi wa babu. Majirani zetu wa kusini, Msumbiji, kanuni yao mpya ya adhabu ilianza 2015 na kosa hilo halimo. Botswana mahakama ililifuta 2019. Hao wote ni Wazungu?

Na Katiba yetu wenyewe, Ibara ya 12, inasemaje? "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Kisha inaongeza: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Imeandikwa kila mtu. Haikuandikwa kila mtu isipokuwa mpambaji wa maharusi.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jambo hili liko mlangoni kwetu. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale. Kwale ni wapi? Ni hapo tu, ukivuka Horohoro. Wadigo wa kule na Wadigo wa huku ni watoto wa ukoo mmoja. Walipelekwa Mombasa, wakapimwa sehemu za nyuma kwa nguvu, kutafuta ushahidi wa walichodaiwa kufanya. Kipimo kile hakithibitishi lolote. Mwaka 2017 Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari waache kukifanya. Wale wawili walikwenda mahakamani, wakashindwa. Hawakurudi nyumbani kunyamaza. Walikata rufaa, wakiwa na wanasheria wa Kenya waliojitolea kusimama nao, na Machi 2018 Mahakama ya Rufani, ikikaa Mombasa, ikasema kumpima mtu vile ni kuvunja haki zake. Mahakama ya pwani hii hii. Ujumbe wangu kwa wasaidizi wa kisheria waliomo humu: hukumu ya Kenya haiwafungi mahakimu wetu, lakini isomeni, izoeeni, na mkikuta mtu anatishiwa kipimo kile, muulize kwa sauti ya upole kinafanywa kwa sheria ipi, na mwandike saa na tarehe.

Usiku mmoja tulipigiwa simu. Kijana amekamatwa. Alikuwa ameitwa kwenye nyumba na mtu aliyejuana naye kwenye simu, akakuta watu watatu wanamsubiri. Walimpiga, wakachukua simu na pesa, kisha wao wenyewe wakamwita askari wakasema wamemfumania. Aliyepigwa ndiye aliyelala ndani. Mwanamama mmoja wa kwetu, muuza maandazi, alichukua chupa ya chai akaenda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na yeye alikuwa amelishika hilo kama Alhamdu. Askari akamuuliza, "Wewe ni nani wake?"

Akasema, "Mimi ni jirani yake."

"Unajua kafanya nini?"

"Ninachojua hajala."

Akakaa kwenye benchi. Saa mbili usiku, saa tatu, saa tano. Hakupaza sauti. Kila zamu ilipobadilika alisimama, akasalimia, akauliza jirani yake anapelekwa lini mahakamani, akakaa. Asubuhi kijana alitoka kwa dhamana, bila kufunguliwa kosa lile. Sitawaambia kila siku inakuwa hivyo. Kuna usiku tulikaa mpaka jua likatoka na hatukupata kitu. Lakini kijana yule aliniambia kwamba alipokuwa ndani alisikia kandambili za yule mama zikitembea kwenye sakafu, na akajua hatapotea.

Najua mnakumbuka Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga. Baada ya siku chache Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko kwamba yale yalikuwa mawazo yake, si msimamo wa serikali. Lakini hofu ikishatoka haina tamko la kuirudisha. Vijana walianza kushuka hapa stendi, kila mmoja na begi moja. Mji wetu wanauita wa waja leo waondoka leo. Wale walikuja leo na hawakuwa na pa kuondokea. Nyumba moja humu mjini ililaza watu saba sebuleni, na mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini, aliwaambia majirani hao ni wajukuu zake wa Dar. Majirani walijua. Majirani wakaleta mihogo.

Sasa neno kwa wanaojitolea, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Wapo wanaokuja na fulana na kamera. Mtu yuko mahabusu, wao wanataka picha. Picha moja inaweza kumkosesha mtu kazi, chumba na mama kwa siku moja. Kwetu hakuna picha, hakuna orodha ya majina kwenye simu, hakuna kusimulia kijiweni hata kwa kusifia. Na asije mtu hapa akitarajia posho. Hatuna. Tuna nauli ya daladala na chai.

Kisha kuna nyumbani, na kusindikiza kwenda nyumbani ndiko kugumu kuliko polisi.

Nilikwenda kwa mama mmoja, mbali kidogo na mji, aliyemtoa binti yake. Nilikwenda mara saba. Mara ya kwanza hakunifungulia. Mara ya pili alinifungulia akanipa maji, akasema, "Kama umekuja kwa habari ya yule, sina mtoto wa jina lile." Sikubishana. Nilimkuta anachambua mchele, nikavuta ungo nikachambua naye. Mara ya tatu tulikuna nazi. Mara ya nne aliniambia habari za mguu wake. Sikumtaja binti hata mara moja. Wengine wangesema napoteza wakati. Mwenzetu mmoja alinishauri nimpelekee aya na hadithi, nimsomee. Nikasema, huyu mama dini anaijua kunishinda. Kinachomuua ni maneno ya mashoga zake wa msikitini. Mara ya saba nilikuwa nimeshasimama, nimefunga kanga yangu, naaga. Akanisindikiza mpaka kwenye mwembe. Akasimama. Akanitazama miguu, hakunitazama usoni. Akauliza, "Anakula?"

Ni hilo tu. "Anakula?" Nikamwambia anakula, lakini anakumbuka samaki wako wa kupaka. Wiki iliyofuata nilikuta bakuli limefungwa kwa kitambaa, linanisubiri. Binti hajarudi kulala pale. Lakini bakuli linakwenda na linarudi.

Na viongozi wa dini tusiwakimbie. Wenzetu wa Mombasa, shirika la PEMA Kenya linalotetea watu kama hawa wetu, wamefanya kazi hiyo kwa miaka, wanakaa na maimamu na wachungaji, wanakunywa chai, wanasikilizana. Pwani yao ndiyo pwani ambako mwaka 2010 umati ulivamia kituo cha afya Mtwapa kwa uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili. Kama wao waliweza kukaa kitako baada ya hayo, sisi tunashindwaje?

Nimalizie na msiba wa mdogo wangu, halafu tugawane kazi.

Sisi wanawake tulikuwa ndani, tunasikia kupitia dirishani. Uani wanaume walikuwa wamekaa kimya kirefu. Maji ya moto yalikuwa tayari, sanda tayari, udi unafuka, na hakuna aliyeinuka. Nikasikia mtu anasema kwa sauti ya chini, "Watu wake wako wapi?" Mama yangu alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Kisha nikasikia kiti kinasukumwa. Alikuwa mzee mmoja mvuvi, jirani wa nyumba ya tatu, mtu asiye na maneno mengi. Akasema, "Mimi ni jirani yake. Aliwapamba binti zangu watatu, na hakuchukua hata shilingi kwa yule wa mwisho, maana mwaka ule sikuwa na kitu. Nani ananishikia ndoo?" Wakainuka wawili. Wakainuka watano. Jeneza lilipotoka, mabega yalikuwa yanagombaniwa.

Basi. Alhamisi hii kuna kijana anaanza dozi. Ana miaka 22, hajawahi kuingia kliniki, na anaogopa kiasi kwamba jana aliniuliza kama anaweza kwenda akiwa amefunika uso. Anatakiwa dirishani saa mbili asubuhi, na dirisha litauliza swali letu. Mimi siku hiyo nipo mahakamani na mtu mwingine.

Nani anakwenda naye?